Unga wa Magoti

Kitu cha kwanza mama alichoacha ni kuchuma chai. Shamba letu la Kinyala limelalia mteremko, na mchumaji hupanda na kushuka kutwa nzima akiwa na kapu mgongoni. Magoti ya mama yakakataa. Baada ya chai akaacha kwenda mtoni. Baada ya mto akaacha kanisa, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mama yangu aliimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa, na sasa Jumapili alikuwa anakaa kizingitini akiisikiliza kwaya kwa mbali, mvua ikiruhusu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tukuyu, na mume wangu anafanya kazi Morogoro. Baba alishatangulia. Watoto tumebaki wawili, mimi na kaka yangu anayefanya kazi Mbeya. Yeye ndiye mkubwa, na kwetu neno la mkubwa halipingwi hovyo. Alitaka mama apelekwe hospitali, na mama akapelekwa. Akapigwa picha ya magoti. Wakasema mifupa imesagika kwa umri na kwa kazi, wakampa vidonge vya maumivu na mazoezi ya kufanya akiwa amelala. Vidonge vikamchoma tumbo akaviacha. Mazoezi aliyafanya siku mbili, ya tatu akacheka.

"Huu mlima nimeupanda toka naolewa," alisema. "Leo nafundishwa kunyanyua mguu?"

Kaka alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, nakujua. Usije ukampa mama dawa za mitaani. Tutafuata hospitali hatua kwa hatua." Nikamjibu kwamba nimesikia.

Lakini kaka alikuwa Mbeya. Mimi ndiye niliyekwenda Kinyala kila Jumamosi nikamkuta mama anakwenda chooni kwa kutambaa, mikono imeshika ukuta, kanga imelowa tope. Aliniona nikimwangalia akageuza uso. Mtu hasahau siku aliyomwona mama yake akitambaa.

Kulikuwa na mwanamke aliyekuja gulioni mara moja kwa wiki na mifuko yake ya mizizi na magome. Alikuwa msafi, mpole, anasalimia kwa heshima. Watu walisema ana unga wa magoti. Nilimfuata nikamuuliza una nini ndani.

"Mizizi tu, mwalimu," alisema. "Kijiko kimoja cha chai kwenye uji, asubuhi. Hauna kemikali."

Unga ulikuwa mwekundu kama udongo wa njia ya kwetu, umefungwa kwenye kichupa cha plastiki. Niliunusa. Ulinukia magome kweli. Niliununua, na Jumamosi ile ile nikaukoroga mwenyewe kwenye uji wa mama.

Nisingependa kudanganya hapa, maana nimeshadanganya vya kutosha katika habari hii. Ule unga ulifanya kazi. Siku ya tatu mama alipiga simu mwenyewe, akasema amekwenda mtoni na kurudi, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Baada ya wiki mbili aliingia kanisani kwa miguu yake, na wanakwaya wakasimama kumpisha mahali pake pa zamani. Alikwenda mpaka Kisondela kumwona dada yake ambaye hawakuonana kwa muda mrefu, nusu njia kwa bodaboda na nusu kwa miguu, akarudi na maparachichi kwenye ndoo kichwani.

Nilijiona mtoto wa maana. Jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye mimi humwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja, naye alikuwa anaumwa magoti. Nilimwambia mwenyewe, "Mama mdogo, huu ndio unga." Naye akaanza. Nilikuwa napeleka vichupa viwili kila wiki, kimoja kila nyumba. Kaka alipouliza habari za mama nilimwambia mazoezi yamemsaidia.

Miezi ikapita. Mama akaanza kunenepa, na kwetu kunenepa ni habari njema. Watu walimpongeza, wakanipongeza na mimi. "Binti yako anakulisha," walimwambia. Uso wake ukawa duara, mashavu yakajaa hata macho yakaonekana madogo. Tumbo likatoka mbele. Lakini nilipokuwa nikimsaidia kuoga niliona mapaja yake yamekwisha, yamekuwa membamba kama ya mtoto anayeumwa, na tumboni ilikuwa imechorwa michirizi ya zambarau. Akigusa meza tu, mkono unapata doa jeusi linalokaa wiki. Mgongoni chini ya shingo aliota kinundu cha nyama. Niliyaona hayo yote. Nilijiambia ni uzee.

Kaka alikuja Pasaka. Alisimama mlangoni, akamtazama mama, hakusalimia.

"Huyu ni mama?" aliniuliza mimi.

Jumanne yake tulikuwa hospitali Tukuyu, watatu. Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, amepangiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, na baridi ya Tukuyu alikuwa bado hajaizoea. Chini ya koti jeupe alivaa sweta mbili. Alimpima mama presha, ikawa juu. Akampima sukari, ikawa juu. Alimwambia ainuke kitini bila kujishika kwa mikono, mama akashindwa. Aliishika ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama anatumia dawa yoyote? Ya hospitali, ya dukani, ya kienyeji, hata ya kupaka?"

Mama anajua Kiswahili, ila mbele ya wakubwa hupenda mimi niseme. Akanigeukia. Kaka naye akanigeukia. Nilikuwa katikati yao kwenye lile benchi, mabega yetu yanagusana, na nakumbuka nilitazama dirisha na dirisha lilikuwa jeupe tupu kwa ukungu.

"Hapana," nilisema. "Vidonge vya maumivu aliviacha. Hatumii kitu."

"Mama?" Daktari alitaka kusikia kutoka kwake mwenyewe.

"Hakuna," alisema.

Daktari akaandika. Akatueleza kwamba dalili zile zote ni za mtu ambaye homoni fulani imezidi mwilini, na kwamba homoni hiyo hutoka kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Huenda kuna uvimbe. Alitaka mama aende Mbeya akapimwe damu na kupigwa picha ya tumbo. Kaka alisema tutakwenda ndani ya wiki mbili, yeye atapanga. Neno uvimbe lilimshtua. Njiani kuelekea kwenye gari alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi ya baba.

"Tutashirikiana," aliniambia. "Asante kwa kumwangalia mama."

Ningeweza kusema pale pale. Gari lilikuwa hatua ishirini mbele, mvua ilikuwa manyunyu tu, mama alikuwa anatembea taratibu na sisi tulikuwa na muda. Sikusema. Nikajiona kama mtu aliyeingia chumbani na mlango ukajifunga nyuma yake kwa upepo; bado anaweza kuufungua, lakini kila anapokaa dakika moja zaidi anaona aibu zaidi ya kuufungua.

Usiku huo sikulala, na asubuhi nilikuwa na hila. Kama unga ndio uliomvimbisha, basi nikiuondoa, uso utarudi. Uso ukirudi, safari ya Mbeya haitakuwa na haja. Hakuna atakayejua. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda bodaboda mpaka Kinyala, nikachukua kichupa kwenye rafu ya mama nikamwaga chooni.

"Unga huu haufai, mama. Usiunywe tena."

"Na magoti?"

"Tutatafuta dawa nyingine."

"Umemwambia kaka yako?"

"Hapana."

"Haya," alisema, na akarudi kumenya ndizi.

Kwa mama mdogo sikupita. Nilikuwa na haraka, na kichwani mwangu alikuwapo mtu mmoja tu wa kuokolewa, na mtu huyo, nikisema kweli, nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza mama alikuwa sawa. Siku ya pili alilalamika mwili unauma wote. Siku ya tatu alitapika. Niliambiwa hayo kwa simu na mama mdogo, ambaye alikuwa akimpelekea uji asubuhi, na nikamwambia itakuwa malaria. Siku ya tano nilikuwa darasani nafundisha sehemu za mmea, simu ikatetemeka mfukoni.

"Mwanangu, njoo," alisema mama mdogo. "Nimemwita haitiki. Macho yako wazi lakini haitiki."

Tulimtoa Kinyala kwenye gari la mtu aliyekuwa anapeleka ndizi. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, jasho la baridi likiloweka sketi yangu ya kazini. Barabara ilikuwa ya utelezi, na dereva alikwenda polepole kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilikuwa nambana mama kwa mikono miwili asianguke, naye alikuwa mzito na mlegevu, nikawa nasema kwa Kinyakyusa maneno ya kitoto ambayo sikujua kama bado ninayo.

Daktari alikuwa yule yule. Presha ya mama, ambayo siku sita nyuma ilikuwa juu, sasa mashine iliisoma kwa shida. Sukari, ambayo ilikuwa juu, sasa ilikuwa chini kabisa. Nilimwona daktari akisimama na karatasi mbili mkononi, ya wiki ile na ya siku hiyo, anazitazama kwa zamu.

"Mwalimu, nisikilize vizuri. Kuna dawa yoyote mama ameiacha karibuni? Yoyote?"

Manesi wawili walikuwa wanatafuta mshipa. Kaka alikuwa njiani kutoka Mbeya. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia. Mpaka leo sijui ulimi wangu ulifungwa na nini.

"Hakuna," nilisema.

Alinitazama kidogo tu, hakuwa na muda wa zaidi. Akamwambia nesi atoe damu kwanza, aweke kwenye chupa mbili, aandike saa. Kisha akaagiza dripu ya chumvi na ya sukari, na sindano moja aliyoichoma mwenyewe mshipani, polepole. Baadaye ndipo nilipoelewa alichofanya. Alikuwa hajaniamini. Sindano ile ilikuwa ni ile homoni yenyewe, na damu ilitolewa kabla ili kipimo kisichafuliwe nayo. Wangesubiri majibu ndipo wamtibu, ningezika.

Saa chache baadaye mama alifumbua macho akaomba maji.

Maabara ya hapo haikuwa na kipimo hicho. Damu ilipelekwa Mbeya kwenye boksi la barafu, na tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri siku tatu. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya mvua, hewa imejaa harufu ya sabuni na nguo zisizokauka. Mimi nilikaa upande mmoja wa kitanda, kaka upande wa pili, mama katikati. Sikuweza kuondoka kwa sababu ni mama yangu, na sikuweza kukaa kwa sababu kila kaka aliponyanyua macho yalikutana na yangu. Nikienda kuchota maji namkuta mtu wa kanisani ananipa pole. Nikirudi, kaka ananiuliza, "Hivi alikula nini siku ile?"

Hilo swali lilikuwa linaota mizizi. Siku ya pili nikajua linakoelekea.

"Nani alikuwa anampikia uji?" kaka aliuliza.

"Mama mdogo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Adhuhuri mama mdogo akaja, ametoka Kinyala na chupa ya uji imefungwa kwenye kitenge usipoe. Nilimwona akiingia mlangoni na uso wake ule, na kwa mara ya kwanza niliutazama kama daktari alivyoutazama wa mama. Ulikuwa umeanza kuwa duara. Kaka alisimama, akamfuata kabla hajafika kitandani.

"Mama mdogo, shikamoo. Uji huo rudi nao."

"Marahaba, mwanangu. Ameshakula mgonjwa?"

"Nasema rudi nao. Na usimpikie tena mama."

Wodi nzima ilisikia. Mama mdogo alisimama na chupa yake kifuani. Alinitazama mimi. Alijua nilichokuwa nawaletea wote wawili kila wiki, na alijua kwamba ninajua, na alingoja niseme neno. Mimi nilishika mkono wa mama na kuangalia dripu ikidondoka. Mama mdogo akageuka, akaondoka. Alitembea kwa wepesi sana kwa mtu wa umri wake.

Mama alikuwa macho. Alifumba macho tena.

Majibu yalikuja siku ya tatu asubuhi. Nesi alikuja kuniita mimi peke yangu, na kaka alikuwa ametoka kunywa chai. Daktari alinikaribisha kwenye chumba kidogo, akafunga mlango, akaniwekea karatasi mbele kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuisahihisha.

"Hii inaitwa kotisoli," alisema. "Ndiyo homoni niliyowaambia. Tezi za juu ya figo huimwaga kila siku, na mtu akiugua sana huimwaga maradufu. Ndiyo inayoshika presha, inayoshika sukari, inayompa mtu nguvu ya kusimama. Sasa, mama yako ana sura ya mtu mwenye homoni hii nyingi kupita kiasi. Lakini damu yake karibu haina kabisa. Tena alikuwa mahututi, ilipaswa iwe juu mno. Ukiyaweka hayo mawili pamoja hayakubaliani. Unajua yanakubaliana wakati gani?"

Niliitazama karatasi.

"Yanakubaliana kama homoni ilikuwa inatoka nje. Mtu anaimeza kila siku, kwa miezi. Mwili unanenepa, unavimba, na tezi zenyewe zinaona hazina kazi, zinalala. Halafu siku moja anaacha ghafla. Ya nje haipo, na ya ndani imelala."

Mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu, na aliinua sauti kidogo ili nimsikie. Hata hivyo alisema kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtu.

"Mwalimu, nilikuuliza mara mbili."

Nikasema. Nilisema yote, unga, kichupa, gulio, choo. Nililia, lakini hakunipa kitambaa wala hakuniambia niache kulia. Aliandika. Alipomaliza alieleza kwamba mara nyingi watu hao husaga vidonge vya steroidi, yaani dawa za jamii ya homoni hiyo, wakachanganya na mizizi, ndiyo maana maumivu hukatika siku ya tatu. Akauliza kama nina unga uliobaki. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, "Nani mwingine anautumia?"

Nikamtaja mama mdogo.

"Mwambie asiuache," alisema haraka. "Unanielewa? Asiuache hata siku moja mpaka aje hapa nimpe vidonge vinavyojulikana kipimo chake, tuvipunguze taratibu. Akiacha kama mama yako, hatakuwa na bahati ya mama yako."

Kaka nilimwambia nje, kwenye baraza la wagonjwa wa nje, watu wakipita na miavuli. Nilitegemea atanipiga, au atapaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha chai mkononi.

"Nimemfukuza yule mama na uji wake," alisema hatimaye. "Mbele ya watu. Na wewe ulikuwa umekaa."

"Ndiyo, kaka."

Alimwaga chai chini, akaingia ndani. Hakusema nami neno lingine kwa miezi minne. Alipotaka habari za mama alimpigia nesi, baadaye alimpigia mama mwenyewe.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mama mdogo. Nilipiga magoti jikoni kwake, kwenye moshi, nikamwomba msamaha. Alikubali upesi mno, kwa namna inayoonyesha kwamba msamaha haujafika. Nilipomwambia habari ya unga alisimama.

"Kwa hiyo niache?"

"Hapana, usiache. Ukiacha ghafla unaweza kufa. Twende hospitali, watakupa vidonge wakupunguzie."

"Wakishapunguza wakamaliza, magoti yatakuwaje?"

"Yatarudi," alijibu mwenyewe. "Nikinywa nakufa, nikiacha nakufa, nikipunguza natambaa. Ndiyo zawadi uliyoniletea, mwanangu. Nenda nyumbani."

Nilikwenda tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Hakutaka. Nilijua kila asubuhi kwenye ile nyumba ng'ambo ya migomba kuna kijiko kinaingia kwenye uji, na sikuweza kukizuia wala kukiombea kiendelee. Sasa alikuwa akijinunulia gulioni, lakini safari moja nilimpelekea unga mwenyewe, maana alikuwa amebakiza kidogo na daktari alishasema asikose. Nilisimama gulioni mbele ya yule mwanamke mpole nikachukua kichupa. Nilimwambia najua kilichomo. Aliniambia, "Mwalimu, mimi naletewa, nauza." Wiki iliyofuata hakuja gulioni, na hakuonekana tena. Nadhani nilimtisha. Wengine walisema amehamia upande mwingine.

Kukosekana kwake ndiko kulikomwokoa mama mdogo. Unga ulipofikia mwisho, alikuja hospitali kwa bodaboda, peke yake, na kichupa chenye vijiko viwili, akakiweka mezani kwa daktari. "Niambieni la kufanya," alisema. Mimi nilihadithiwa baadaye.

Mama aliruhusiwa na vidonge vya kunywa kila asubuhi, na masharti. Asikose hata siku moja. Akipata homa, aongeze mara mbili. Akitapika, aje haraka kuchomwa sindano. Popote aendapo awe na karatasi inayosema ana ugonjwa gani. Mwaka ule nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda Morogoro alikokuwa mume wangu, na barua ya kukubaliwa ilikuja wakati mama ana wiki ya tatu nyumbani. Niliirudisha. Nani angemkimbilia akitapika alfajiri? Mume wangu alielewa, kisha akachoka kuelewa, kisha akaja yeye Tukuyu, ambako mpaka leo analalamikia baridi.

Baada ya miezi kumi tulikwenda Mbeya kwa kipimo kikubwa. Mama hakutakiwa kumeza kidonge asubuhi ile mpaka wamalize, na hilo pekee lilimfanya atetemeke njia nzima. Walimtoa damu. Wakamchoma sindano ya dawa inayoziamuru tezi ziamke. Baada ya nusu saa wakamtoa damu tena, na baada ya nusu saa nyingine tena. Kati ya sindano na sindano tulikaa kwenye viti vya plastiki, mama akiwa ameshika pamba mkononi. Pale ndipo nilipomuuliza.

"Mama, siku ile daktari alipouliza, mbona na wewe ulisema hakuna?"

"Ulikuwa umeshasema wewe."

"Ungesema kweli."

"Nikuaibishe mbele ya kaka yako?" Aliibonyeza pamba. "Halafu nilijua nikisema watauchukua. Mimi nilikuwa natembea, mwanangu. Nilifika Kisondela. Usifikiri ulidanganya peke yako."

Majibu yalisema tezi bado zimelala. Zilijikongoja kidogo tu, haikutosha. Tukarudi Tukuyu na vidonge vile vile.

Sasa anatembea na fimbo mbili, mpaka mwisho wa migomba na kurudi. Uso wake umerudi kuwa wa kwake, mwembamba, wenye mistari. Magoti yanauma kama zamani, na mvua ikikaa wiki nzima yanauma zaidi. Mama mdogo naye ana fimbo. Wanatembeleana, lakini mama mdogo hajaleta uji tangu siku ile, na kaka alipokwenda kumwomba radhi alimpokea vizuri, akampa ndizi za kuondoka nazo, akasema yamekwisha. Uji hakuleta.

Mwezi uliopita kipimo kilirudiwa. Safari hii tezi ziliitikia, si sana, ila daktari alifurahi. Akamwambia mama apunguze, ameze nusu kidonge badala ya kizima, tuone.

Mama hakufurahi. Alikaa kitandani akiitazama ile nusu kiganjani mwake.

"Na zikirudi kulala?"

"Daktari amesema zimeanza kuamka."

"Yeye hakuwa kwenye lile gari la ndizi."

Alikataa siku tatu, akameza kizima kama kawaida. Jumamosi nilimwambia nitakaa naye kutwa. Alimeza nusu, akanywa chai, akalala chali mikono tumboni, anangoja. Nami nilikaa kwenye kigoda nangoja, nimeweka simu mapajani na namba ya dereva juu kabisa. Saa tatu nilimuuliza unajisikiaje, akasema niache kuuliza. Saa tano aligeuka ubavu. Saa sita ilipopita kidogo aliniambia anasikia njaa, kuna ndizi zimebaki na maharage, na niangalie moto usizimike.